Meza ya kufuli nyumbani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, na ninyi vijana ambao mnashika gazeti hili kabla baba hajarudi kutoka posti ya mchana, leo ukurasa wa usalama unasema juu ya mchezo ambao watu wengi wanauogopa bure. Ni mchezo wa kufungua kufuli bila ufunguo wake. Msishtuke. Hatusemi habari za mwizi wa usiku. Tunasema habari za mtu aliyekaa mezani kwake na kadenasi aliyoinunua kwa makuta yake mwenyewe, anaisikiliza kwa vidole mpaka inakubali kuzunguka.

Labda unamjua mtu wa namna hiyo. Ni fundi wa umeme ambaye hawezi kuona kitu kimefungwa bila kutaka kujua ndani mna nini. Au ni mzee wa pensheni ambaye mikono yake bado inatafuta kazi, au kijana wa shule ya ufundi. Hatutaki kuwakataza. Kazi ndogo ya mikono baada ya posti inatuliza kichwa, tena ni bora kuliko chupa. Lakini kuna meza nzuri na kuna meza mbaya. Na kuna kufuli moja ambayo mtu wa mgodi haigusi hata siku moja, hata kama anajua kuifungua. Tutafika hapo.

MFALME NA FUNDI WAKE

Usidhani mchezo huu ulianza jana. Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alikuwa na atelie ya kufuli katika jumba lake la Versailles, na mwalimu wake alikuwa fundi aliyeitwa François Gamain. Mfalme alikuwa akishika tupa na nyundo kama fundi yeyote. Mwisho wake haukuwa mzuri: mwaka 1792 ni Gamain huyo huyo aliyekwenda kuwaonyesha watu wa serikali mpya kabati ya chuma ambamo mfalme alificha barua zake, ndani ya ukuta wa jumba la Tuileries. Basi chagua vizuri mtu unayemfundisha, na mtu anayekufundisha.

Mfano mwingine ni wa heshima zaidi. London kulikuwa na kufuli ya Joseph Bramah, iliyowekwa dirishani mwa duka tangu mwaka 1790 pamoja na tangazo: atakayeifungua atapata gini 200. Ilikaa miaka zaidi ya 60. Mwaka 1851 akaja Mwamerika mmoja, Alfred Charles Hobbs, akaifungua. Alifanya kazi ya masaa 51, iliyogawanywa katika siku 16. Tazama mambo mawili katika habari hii. Kwanza ni uvumilivu. Pili, Hobbs hakujificha: alifanya kwa mapatano na wenye kufuli, na waamuzi walikuwapo. Leo pia, katika vyama vya wapenzi wa kufuli vya Ulaya, kama kile kilichoanza Ujerumani mwaka 1997, mtu anashika kufuli yake mwenyewe, au ile ambayo mwenyewe amempa ruhusa, na hashiki kufuli inayofanya kazi mlangoni. Ukumbuke neno hilo la mwisho, maana kwetu lina uzito kuliko kwao.

NDANI MNA NINI

Chukua silinda ya mlango, ile ambayo mafundi wetu wanaitoa na kuitupa ufunguo unapovunjika. Katika mwili wake mna kipande cha mviringo tunachoweza kukiita moyo, kipana karibu milimita 13. Ndicho kinachozunguka pamoja na ufunguo. Matundu, mara nyingi 5 au 6, yamepangwa katika mstari mmoja, yanapita katika mwili mpaka ndani ya moyo. Kila tundu lina pini mbili nyembamba, unene wake karibu milimita 3, moja imefuata nyingine, na nyuma yake resori ndogo inayozisukuma. Wakati hakuna ufunguo, pini moja inakaa nusu katika mwili na nusu katika moyo, kama komeo. Moyo hauzunguki. Ufunguo wa kweli unapoingia, kila jozi ya pini inasukumwa kwa kipimo chake, mpaka pale zinapoachana panakuwa sawasawa na mpaka wa moyo. Hapo njia imefunguka.

Mwamerika Linus Yale kijana ndiye aliyeandikisha kufuli ya namna hii katika miaka ya 1860, lakini akili yake ni ya zamani sana. Wamisri walitumia kufuli za mti zenye vijiti vinavyoanguka kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, kwa nini inafunguka bila ufunguo? Kwa sababu hakuna atelie duniani inayoweza kutoboa matundu 5 katika mstari ulionyooka kabisa. Ukigeuza moyo kidogo sana kwa chuma chembamba, pini moja inabanwa kabla ya nyingine. Unaitafuta kwa chuma cha pili, unaiinua polepole, unasikia kama punje imevunjika chini ya kidole, na moyo unasogea kwa unene wa unywele. Halafu inabanwa pini nyingine. Nguvu haisaidii kitu. Mtu anayekaza mkono kama anafungua bolti ya lori atakaa mpaka usiku wa manane, na atavunja chuma chake.

Anza na silinda yenye jozi moja tu ya pini, nyingine zitoe. Siku unapoijua hiyo gizani, weka ya pili. Watu wengi wanataka kuanza na 5, wanakasirika, wanaitupa.

MAHALI PA MEZA

Meza hii isikae katika chumba cha kulala, wala jikoni, wala penye watoto wanaocheza chini. Tafuta pembe karibu na dirisha. Urefu wake ufike kwenye viwiko vyako ukiwa umekaa. Ikiwa chini zaidi, shingo itakuuma kesho kazini. Taa iwekwe upande, isikupige machoni. Kama macho yako yamepita miaka 40 na unaanza kusogeza gazeti mbali ili usome, usijikaze: nenda kupimwa macho. Tena huhitaji kuona sana. Kazi hii ni ya kidole na sikio, macho ni ya kuokota pini tu.

Juu ya meza tia ubao mgumu, urefu sentimita 40, upana 20, unene 3, uubane kwa bolti mbili usitembee. Silinda ya namna ya Ulaya, ambayo ndiyo tunayoiona katika milango mingi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, inashikwa mlangoni kwa skrubu moja ya milimita 5 inayopita katikati yake. Basi simamisha kipande cha mti juu ya ubao, kata ndani yake njia ya silinda (mviringo wa milimita 17, mkia wa milimita 10, kimo cha vyote milimita 33), ingiza silinda na uifunge kwa skrubu yake. Sasa mikono yote miwili iko huru. Kwa kadenasi tumia etau ndogo, na meno yake yavishe ngozi au kipande cha mpira wa gurudumu.

Usishike kufuli mkononi huku unasukuma chuma kwa mkono mwingine. Chuma kinateleza, na mbele yake pana kiganja chako.

Chini ya kazi yako weka sahani yenye ukingo, ndani yake kitambaa cheupe. Utatushukuru siku ya kwanza utakapotoa moyo wa silinda: resori zinaruka kama panzi. Ni ndogo sana na zinaweza kuingia jichoni. Kwa hiyo vaa miwani ya usalama, si siku ya kusaga chuma tu, bali kila mara unapofungua mwili wa kufuli. Miwani ya kusomea haitoshi, maana pembeni ni wazi.

VYUMA VYENYEWE

Chuma cha kugeuza na chuma cha kuinua unaweza kuvitengeneza. Ule ukanda mwembamba wa chuma ulio ndani ya mpira wa kufutia kioo cha motokari ni chuma kizuri: unapindika na kurudi. Unene wa nusu milimita, au zaidi kidogo, unatosha kwa chuma cha kuinua. Uchonge kwa tupa yenye mpini; tupa bila mpini imetoboa viganja vingi. Ukiwa na jiwe la umeme, vaa miwani, kunja mikono ya shati, wala usivae glavu za kitambaa, kwa maana jiwe likikamata uzi linavuta na kidole. Gusa jiwe kidogo, chovya katika maji, gusa tena. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, kimepoteza ugumu wake na kitapinda kama waya. Mwishoni pitisha msasa pembeni zote, mpaka kisikwaruze ukucha.

Kipande cha msumeno wa chuma wengine wanakitumia. Kuwa mwangalifu, kinavunjika kama kioo na vipande vinaruka.

Na vyuma hivyo vitengeneze kwako. Atelie ya kampuni si mahali pake, wala saa za kazi si saa zake.

SHABA YETU MACHONI, SI MDOMONI

Pini za kufuli ni shaba iliyochanganywa na zinki. Mtu wa Kipushi ana haki ya kujisifu: mgodi wake umetoa shaba na zinki katika shimo moja, ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Lakini katika mchanganyiko huo watengenezaji wanatia pia risasi kidogo, mara nyingi sehemu 1 mpaka 3 katika 100, ili mashine iukate vizuri. Risasi ni sumu, na mwili hauitoi upesi. Mtoto inamwumiza zaidi, inarudisha akili yake nyuma.

Kwa hiyo desturi ya fundi ya kushika pini katika midomo wakati mikono ina kazi, iache. Usile bukari kwenye meza ya kufuli, usivute sigara hapo. Ukipiga tupa ufunguo au silinda, usipulize vumbi. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Osha mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto. Mama akikuuliza kwa nini shati la mezani halifuliwi pamoja na nguo za mtoto mchanga, umjibu hivyo.

Kufuli kavu wengi wanaitia mafuta ya motokari. Yanashika vumbi letu jekundu na baada ya mwezi mmoja kufuli ni tope. Unga wa risasi ya kalamu unafaa zaidi (unaitwa risasi kwa jina tu, ni grafiti), lakini unapitisha umeme, basi uweke mbali na prizi na taa. Na mtu asiyekuwa na haraka ya kufa haoshi pini katika petroli ndani ya nyumba yenye mbabula.

Tukisema mbabula, tuseme yote. Mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia, vidole vinakuwa vigumu, mtu anafunga dirisha na kuleta mbabula ya makala chini ya meza. Makala yanayowaka bila moshi yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, mtu anafikiri ni uchovu wa posti, anainamisha kichwa mezani alale kidogo. Haamki. Mbabula ibaki nje, hata kama makala yamekuwa mekundu kabisa. Vaa koti, au cheza mchana kwenye jua. Na kama watu wawili katika nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, watoeni nje kwanza, mengine baadaye.

MKONO AMBAO HAUSIKII

Hapa mchezo huu unaweza kukufaa kuliko ulivyotazamia. Wewe ambaye miaka mingi umeshika mashine ya kutoboa mwamba, ikikutikisa mikono saa baada ya saa, utakaa mezani na utaona kitu: mwenzako anasikia pini inapokubali, wewe husikii. Unafikiri huna kipaji. Labda ni mkono umeanza kuumwa.

Mtikisiko wa mashine unaharibu mishipa midogo ya vidole. Mwanzo ni kuwashwa na ganzi usiku. Halafu asubuhi ya baridi ncha ya kidole kimoja inageuka nyeupe kama chaki, baadaye inarudi nyekundu na inauma. Kisha vidole vingine. Mtu akiendelea miaka na miaka, ganzi inakaa moja kwa moja, na hata vifungo vya shati vinamshinda. Hapo dawa ni kidogo sana. Lakini ukionekana mapema, na ukipunguziwa saa za mashine, mkono unaweza kupona au angalau kutozidi. Sigara inazidisha, kwa sababu inabana mishipa.

Meza si daktari. Lakini kama kidole kimekuwa cheupe, au ganzi inakuamsha, usingoje ukaguzi wa mwaka: nenda dispanseri, mwambie muganga kazi unayoifanya na miaka mingapi. Wengi wanasema kichwa kinauma, wanasahau kusema juu ya mashine.

Kwa wengine wote, pumzika kila nusu saa. Fungua na kufunga mkono, zungusha kiwiko, tazama mti ulio mbali. Chuma kishikwe kama kalamu, si kama nyundo.

WATOTO

Sanduku la kufuli liwe na kifuniko, na lenyewe lifungwe. Mtu wa kufuli ambaye sanduku lake liko wazi, tumwambie nini?

Pini na resori zinamezwa upesi. Mtoto akikohoa ghafula, akipumua kwa sauti au kama filimbi, labda kitu kimeingia katika njia ya hewa: hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kikohozi kimetulia.

Lakini kilicho kibaya kuliko pini ni betri ya duara, kama kifungo cha shati, iliyo ndani ya tochi ndogo ambazo watu wanazitumia kumulika tundu la ufunguo. Ikikwama kooni inachoma nyama kwa umeme wake, na masaa 2 yanatosha kwa jeraha kubwa. Usimtapishe mtoto, usingoje itoke kwa choo. Kimbia naye hospitali na useme wazi: amemeza betri. Chukua nyingine ya namna hiyo umwonyeshe muganga. Tochi ambayo kifuniko chake hakina skrubu isiingie katika nyumba yenye mtoto.

KADENASI YA KAZINI

Sasa tumefika. Wewe unayefanya kazi kwenye konkaseri, kwenye mkanda unaobeba mawe, kwenye pampu au katika chumba cha umeme, unaijua kadenasi hii. Kabla fundi hajaingiza mikono katika mashine, umeme unakatwa, naye anatia kadenasi yake kwenye swichi, pamoja na kibao chenye jina lake. Halafu anabonyeza kifungo cha kuwasha ili ahakikishe mashine imekufa. Ufunguo ni mmoja, uko mfukoni mwake. Wakiwa mafundi 4, kadenasi ni 4. Hakuna anayemfungia mwenzake, na hakuna anayemfungulia.

Katika mji kufuli inalinda vitu. Hapa inalinda mtu.

Fikiri sasa jambo linaloweza kukupata. Posti imekwisha, mafundi wametoka, lakini kadenasi moja imebaki kwenye swichi. Malori yanangoja. Mkubwa wa kazi anatazama saa. Mmoja anasema: "Aliyeifunga amekwenda nyumbani, amesahau." Mwingine anakugeukia: "Yaya, si wewe unayefungua kadenasi kwa dakika mbili? Tusaidie."

Mjibu: "Ndugu yangu, hii siifungui." Sema hivyo hata kama ni mkubwa wa kazi anayekuomba, na umjibu kwa heshima.

Nani aliyemwona akitoka? Labda amerudi chini ya mkanda kuchukua ufunguo wa bolti aliousahau. Vumbi ni nyingi, masikio yake yamezibwa, hasikii mnaongea. Kwa hiyo njia ni moja: atafutwe kwa jina lake, taa na namba yake vitazamwe kama amevirudisha, simu ipigwe kwake, mtu atumwe nyumbani kwake ikiwa lazima. Mashine yote ikaguliwe kwa macho, toka mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hayo, mkubwa aliyepewa madaraka hayo anaandika, anatia sahihi, na kadenasi inakatwa. Na mwenyewe anaambiwa kabla hajaanza kazi siku inayofuata.

Utauliza: kama mwisho inatolewa, kuna tofauti gani kati ya kuikata na kuifungua kwa vyuma vyangu? Tofauti ni kubwa. Kadenasi iliyokatwa inaonekana: iko chini imevunjika, kila mtu anajua kulikuwa na uamuzi. Kadenasi iliyofunguliwa kwa vidole haionyeshi kitu, tena inaweza kufungwa upya mahali pake. Fundi akirudi anaiona imening'inia na jina lake, anaamini umeme umekufa, anaingiza mkono. Ujuzi wako, ambao mezani ni sifa, hapo unamdanganya mwenzako. Ndiyo sababu mtu anayejua kufuli ana mzigo kuliko yule ambaye hajui.

Kwa hiyo pia kadenasi ya usalama, hata ya zamani, hata iliyotupwa, usiilete nyumbani kufanyia mazoezi. Kwanza si yako. Halafu mkono unaozoea namna yake utawashwa siku utakapoiona kwenye swichi. Mlango wa baruti hatuutaji hata, kila mtu anajua.

JIRANI AKIPOTEZA UFUNGUO

Habari zitaenea katika kambi: yule baba anafungua kufuli. Kesho mtu atabisha hodi. Mlango ni wa nani? Anasema ni wake. Mke wake yuko wapi? Amesafiri. Ndugu, usiende peke yako. Sheria ya adhabu ya nchi yetu, ya tarehe 30 Januari 1940, katika kipengele cha 81, inasema wizi uliofanywa kwa kuvunja, kwa kupanda ukuta au kwa funguo za uongo unaweza kuleta kifungo hadi miaka 10. Ukifungua mlango wa mtu mwingine kwa kumsaidia mwizi, hutaeleza kwa urahisi kwamba ulikuwa unacheza. Mwelekeze kwa fundi wa kufuli mwenye duka. Ni kazi yake, anaishi kwayo. Wewe baki na ubao wako. Vyuma vyako pia visitembee mfukoni usiku, havina kazi huko njiani.

Wengine, ili wasisumbuliwe, hawamwambii mtu. Sisi tunaona ni afadhali kinyume chake: mke ajue, watoto wakubwa wajue, jirani wa karibu ajue. Mambo yanayofanywa mezani mbele ya dirisha lililo wazi hayaleti maneno mengi.

MLANGO WA NYUMBA YAKO

Kwa mwisho, usijaribu ujuzi wako kwenye mlango wa nyumba. Silinda iliyochokozwa na vyuma inaweza kukwama: pini imepinda, resori imetoka mahali pake, na ufunguo uliozunguka vizuri jana leo unazunguka nusu. Mchana ni hasara ya silinda moja. Usiku, kibatari kikianguka na moshi ukijaa, ni watu walio ndani.

Nyumba nyingi sasa zina vyuma madirishani na mlango wa vyuma wenye kadenasi ndani, kwa ajili ya wezi. Hatusemi uviondoe. Lakini ufunguo wa kadenasi hiyo uwe na msumari wake, ndani, karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa nje haufiki, na urefu ambao mtoto wa miaka 8 anaufikia. Usiwe mfukoni mwa suruali ya baba aliye posti ya usiku. Moshi unaacha dakika chache tu, na hakuna bingwa wa kufuli anayetafuta pini kwa utulivu huku anakohoa.

Jaribuni leo jioni, baada ya kula. Zimeni taa. Mtoto wa kwanza atembee toka kitandani mpaka mlangoni, ashike ufunguo, afungue kadenasi, atoke. Halafu wa pili. Kama ufunguo unagoma, tia grafiti. Kama bado unagoma, nunua kadenasi nyingine kesho, na hiyo ya zamani ipeleke kwenye etau yako.